Muuzaji anataka tuhamie kwa kodi wakati mauzo hayajakamilika. Tukubali?

Swali: Shikamoo wakili. Mimi ni mtumishi wa umma, nimehamia Dodoma mwaka jana na mume wangu na watoto wawili. Tumepata nyumba ya vyumba vitatu Nkuhungu, ina hati. Bei tumeelewana milioni 78. Mkononi tuna milioni 20, iliyobaki tunasubiri mkopo wa benki na afisa mikopo anasema miezi minne hadi sita. Muuzaji ni mzee mstaafu, anarudi Iringa na mkewe mwezi ujao na hataki nyumba ibaki tupu. Anasema tumpe hizo milioni 20, tuhamie, tumlipe kodi ya 350,000 kwa mwezi mpaka benki itoe, na nusu ya kodi ataihesabu kwenye bei. Anasema huo ndio utaratibu wa mpangaji mnunuzi. Hapa tulipo kodi yetu inaisha mwezi ujao. Dalali naye anataka chake sasa hivi, cha kupangisha na cha kuuza. Tukubali?

Jibu: Marahaba, dada. Mnaweza kuhamia, ila si kwa mpango huo kama mzee alivyoupanga. Kulala kwenye nyumba unayoinunua si kosa, na kumlipa kodi mtu ambaye bado ndiye mwenye nyumba ni haki yake. Kinachonitia wasiwasi ni zile milioni 20 kupanda basi la Iringa pamoja naye, ninyi mkabaki na funguo na ahadi.

Mpaka uhamisho usajiliwe kwa Msajili wa Hati, nyumba ni ya mzee. Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, iko wazi kwenye hilo, na inataka pia makubaliano ya kuuza yawe ya maandishi na yenye saini. Kwa hiyo kwa miezi hiyo yote mtakuwa wapangaji wake na papo hapo wanunuzi wake. Mambo yakienda vizuri hakuna atakayejali tofauti. Yakiharibika, hilo ndilo litakuwa swali la kwanza kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na jibu litatafutwa kwenye karatasi zenu.

Kuna mama mmoja aliwahi kuja ofisini na daftari la shule. Ndani kulikuwa na mistari imepangwa vizuri, kila mmoja na tarehe na saini ya muuzaji, na maneno yaleyale kila mwezi: "Nimepokea laki nne za nyumba." Basi, hakuna zaidi. Mama akasema alikuwa analipa bei kidogokidogo. Muuzaji akasema zile zilikuwa kodi, bei haijaguswa. Nilivyowasikiliza, sikuona mwongo pale. Kila mmoja alikuwa anaamini alichokuwa anakisema, kwa sababu siku ya kwanza walielewana kwa mdomo na kila mtu akaondoka na maelewano yake. Waliishia kugawana hasara, na kila mmoja ana kinyongo na mwenzake mpaka leo.

Ndiyo maana ninasisitiza kwamba kila shilingi itoke mkononi mwenu ikiwa na jina lake. Ukituma kwa simu, fuatisha ujumbe papo hapo: "Mzee, nimetuma 350,000, kodi ya Machi," na usubiri ajibu. Stakabadhi za kodi zikae peke yake na za bei peke yake. Msitume laki tano ambayo ndani yake kuna kodi na kipande cha bei, hata mkiwa mnaaminiana kiasi gani.

Sasa tuiangalie hiyo nusu ya kodi, maana naona ndiyo iliyowavutia. Nusu ya 350,000 ni 175,000. Kwa miezi sita ni 1,050,000. Kwenye nyumba ya milioni 78 haifiki hata asilimia moja na nusu. Sisemi milioni ni hela ya kutupa, lakini mnaombwa mtoe milioni 20 bila kinga yoyote ili mje mpunguziwe milioni moja mwishoni, tena mauzo yakikamilika. Yasipokamilika, hiyo nusu inakuwa nini? Atairudisha? Sidhani kama mzee mwenyewe amewahi kulifikiria.

Ningekuwa ninyi ningeomba unafuu kwa njia nyingine. Milioni 20 ni zaidi ya robo ya bei. Kama mzee anaipokea leo na kuanza kuitumia, basi robo ya nyumba ameshalipwa, halafu anatoza kodi ya nyumba nzima. Mwambieni kwa adabu kodi ipungue robo, iwe 260,000 hivi, na habari ya nusu kuingia kwenye bei iishe. Kwa hesabu tupu mnapata pungufu, 90,000 kwa mwezi badala ya 175,000. Lakini hiyo 90,000 inabaki mfukoni mwenu mwezi huohuo, mauzo yakamilike au yavunjike, na kila mnachomlipa mwisho wa mwezi ni kodi na si kitu kingine. Akikataa kupunguza, basi milioni 20 isiende kwake yote, na hapo 350,000 itakuwa halali yake.

Isiende kwake, iende wapi? Kwenye akaunti ya wateja ya wakili mnayekubaliana naye, kwa maelekezo ya maandishi kwamba itatoka uhamisho ukisajiliwa, au irudi kwenu mauzo yakivunjika bila kosa lenu. Mzee anahama, ana gari la mizigo la kukodi na nyumba ya kwenda kuanzia, kwa hiyo mpeni milioni mbili au tatu ya kishika uchumba. Hiyo mnaweza kuipoteza mkaumia na bado mkasimama. Na wakili anayeandaa mkataba awe wenu. Huu mtindo wa wakili mmoja kuwahudumia muuzaji na mnunuzi ili kuokoa laki mbili tatu unawafaa watu mpaka siku wanapokosana, maana siku hiyo hawezi kumsemea yeyote.

Kuhusu jina la mpangaji mnunuzi. Utaratibu huo upo kweli. Watumishi Housing wameutumia kwa nyumba za watumishi, na TBA, wakala wa majengo wa serikali, wanao kwa wakazi wa Magomeni Kota kule Dar es Salaam. Lakini pale kuna taasisi yenye masharti yaliyochapwa, miaka mingi ya kulipa, na mwisho wake unajulikana kabla hujaingia. Mzee wenu anachotaka ni mtu wa kukaa kwenye nyumba yake akisubiri benki ya mtu mwingine. Ni jambo halali kabisa, ila jina kubwa lisiwafanye mdhani kuna sheria maalumu inayowalinda. Mtalindwa na mtakachoandikishiana tu.

Kabla ya kuandikishiana, fanyeni upekuzi rasmi kwenye ofisi ya ardhi ya mkoa. Msiridhike na nakala ya hati aliyowaonyesha dalali kwenye simu. Upekuzi utawaambia jina la mmiliki, kama kuna rehani ya benki, kama kuna mtu ameweka zuio, na muda wa hati. Kwa Dodoma huo muda ndio ningeanza nao. Nkuhungu na mitaa mingine ya zamani ilipimwa na kugawiwa enzi za CDA, ile mamlaka ya ustawishaji makao makuu iliyoanzishwa 1973 na kuvunjwa Mei 2017, kazi zake zikahamia Manispaa ambayo mwaka uliofuata ikawa Jiji. Hati za CDA zilikuwa za miaka 33. Baada ya kuvunjwa, mwelekeo ukawa ni kuzibadili kuwa za miaka 99, lakini si kila mtu alikwenda kubadili. Wengine waliona hati ipo kabatini, inatosha. Hati ya miaka 33 iliyoanza 1992 iliisha 2025. Mkikuta hali hiyo, huyo afisa mikopo wa miezi minne hadi sita atawarudishia faili, kwa sababu hakuna benki itakayoshika dhamana ya hati iliyokwisha au inayokaribia kwisha. Mzee ndiye abadili, kwa gharama yake, na mkataba wa mauziano useme hivyo na kwa tarehe.

Akiwa hukohuko ofisi ya ardhi, aulizie deni la kodi ya pango la ardhi, ile ya kila mwaka. Madeni ya miaka mingi hujitokeza siku ya uhamisho na ghafla kila mtu anamtazama mwenzake. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa ni mzuri kwa utambulisho na ujirani mwema, mwombeni aje awe shahidi, ila hauthibitishi umiliki.

Halafu kuna mke wa mzee. Umesema wanahama pamoja, kwa hiyo ni nyumba ya ndoa, na Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inakataza mwenzi mmoja kuiuza au kuipangisha bila ridhaa ya mwenzake. Ridhaa iwe ya maandishi, asaini mwenyewe mbele ya wakili. Mzee kusema "mama yuko ndani, hana shida" hakutoshi, hata kama kweli yuko ndani na hana shida. Ningependa pia mtoto wao mmoja mkubwa awe shahidi. Mungu ampe mzee maisha marefu, lakini akitangulia kabla ya uhamisho, mtakuwa mnaongea na msimamizi wa mirathi na watoto ambao huenda hawajawahi kusikia habari zenu. Kisheria ahadi ya marehemu inawabana wanaosimamia mali yake. Kwa vitendo, watoto waliojua mapema hawana ubishi, na waliosikia msibani wanao.

Mikataba iwe miwili, wa mauziano na wa pango, hata ikisainiwa siku moja mezani pamoja. Wa pango uwe wa chini ya mwaka, tuseme miezi sita yenye nafasi ya kuongeza mitatu kwa kodi ileile. Hii "kwa kodi ileile" msiisahau, kwa sababu benki zikichelewa ndipo wenye nyumba wanapokumbuka kwamba bei za Dodoma zinapanda. Useme kwamba pango linaisha siku uhamisho unaposajiliwa, na kodi iliyolipwa zaidi ya siku hiyo inarudi. Useme pia kwamba mauzo yakivunjika mnapewa notisi ya siku sitini kabla ya kutoka. Mzee naye ana hofu yake ya haki: mnunuzi anayehamia, mkopo unakwama, kisha anakaa miaka akijiita mwenye nyumba. Mtulizeni kwa kuandika kwamba kukaa kwenu humo hakuwapi umiliki wowote zaidi ya ule wa mkataba wa mauziano. Hamna mnachopoteza kwa sentensi hiyo.

Lipieni ushuru wa stempu, asilimia moja ya kodi kwa mkataba wa pango. Ni elfu ishirini na kidogo kwa miezi sita, na watu wengi wanaiacha. Mkataba usiolipiwa stempu haupokelewi kama ushahidi mpaka ulipiwe pamoja na adhabu yake, na mtagundua hivyo mkiwa tayari mko mbele ya baraza.

Kwenye mkataba wa mauziano, tumieni muda wenu mwingi kwenye mambo mawili. La kwanza, benki ikikataa. Wauzaji wengi wanaandika "mnunuzi akishindwa, malipo ya awali hayarudishwi," na watu wanasaini wakidhani ndivyo sheria inavyotaka. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinampa aliyevunjiwa mkataba fidia ya kiasi kinachostahili, isiyozidi iliyotajwa. Hakisemi kwamba anabeba kila kilichoandikwa. Lakini kulidai hilo barazani kutakula muda na nauli. Andikeni mapema: mkopo ukikataliwa kwa barua ya benki, mzee anabaki na kishika uchumba, nyingine zote zinarudi ndani ya siku thelathini. Hapo kila mtu anajua gharama ya kuota ndoto.

La pili, mzee akigeuka. Tangu serikali ilipotangaza kuhamia hapa 2016, nimeona wauzaji waaminifu kabisa wakitetereka wakishapigiwa simu na mtu mwenye milioni kumi zaidi. Mkataba useme kwamba akikataa kuhamisha, anarudisha zote pamoja na fidia mtakayokubaliana. Na mkishasaini, siku hiyohiyo au kesho yake, mwambieni wakili aweke zuio kwa Msajili wa Hati chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334. Zuio linamzuia Msajili kusajili muamala mwingine kwenye hati hiyo bila ninyi kujua na kuridhia. Mzee mwaminifu hatakasirika mkimweleza kwamba mtaliondoa wenyewe siku benki yenu inaposajili rehani. Akikasirika, mmepata taarifa muhimu bila gharama.

Kodi za serikali nitazipitia haraka. Kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi wa Tanzania, ni ya muuzaji, na bila uthibitisho wa TRA uhamisho hauendi. Ushuru wa stempu wa uhamisho, asilimia moja ya thamani, kwa kawaida ni wa mnunuzi, kwa hiyo tengeni kama 780,000 ambayo benki haitawapa. Kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida tangu Julai 2023. Hiyo ni ya mwenye nyumba lakini atakayenunua umeme ni ninyi. Kwa miezi sita ni elfu tisa, msigombane kwa hiyo. Kabla ya kuhamia lakini, nunueni umeme wa elfu tano kwenye mita yake mwone mnapata yuniti ngapi. Kama kuna limbikizo, litajitokeza hapo. Ombeni pia ankara ya mwisho ya maji ya DUWASA.

Kuhusu nyumba yenyewe, hapa kukaa kama mpangaji kuna faida ambayo mnunuzi wa kawaida haipati. Sehemu kadhaa za Dodoma zina udongo unaovimba mvua zikinyesha na kusinyaa kiangazi, na nyufa zinapakwa rangi Agosti ili nyumba iuzwe Septemba. Mkikaa humo kati ya Desemba na Aprili mtaijua. Shida ni kwamba mtakuwa mmeshasaini. Kwa hiyo nendeni na fundi sasa, apite kwenye pembe za madirisha na milango, kwenye msingi upande wa nyuma ambako wageni hawafiki, na juu ya dari kwa tochi. Piga picha kila ufa na weka sarafu pembeni ili upana wake uonekane. Picha hizo ziwe kiambatanisho cha mkataba, na muuzaji asaini nyuma ya kila moja. Kisha mwandike kwamba ufa mpya wa msingi au ukuta ukitokea kabla ya uhamisho, matengenezo ni yake au bei inapungua. Akiwa bado ndiye mwenye nyumba, paa likivuja analiziba yeye. Balbu na kitasa ni vyenu.

Na tafadhali zuieni mikono. Najua mkishahamia utaanza kuona vigae vipya, jiko la nje, labda simtanki kubwa zaidi kwa sababu ya mgao wa maji. Simtanki nunueni, mtaondoka nalo. Vigae haviondoki. Chochote kinachoshikamana na nyumba kisubiri jina lenu liingie kwenye hati, au mzee aandike kwamba atawafidia kiasi fulani mauzo yakivunjika. Sijaona wengi wakiandika hivyo.

Kama kodi yenu ya sasa inaisha kabla ya haya kukamilika, ombeni mwenye nyumba wenu mwezi mmoja au miwili. Wengi hapa wanadai miezi sita mbele, ila mpangaji mwenye rekodi nzuri husikilizwa, hata ikibidi kuongeza kidogo. Ni gharama ndogo kuliko kusaini kwa haraka kwa sababu gari la mizigo limeshafika.

Dalali ameleta muuzaji mmoja na mnunuzi mmoja kwa biashara moja. Kodi ya mwezi mmoja kama ujira wa kupangisha, halafu na asilimia ya mauzo juu yake, ni kulipwa mara mbili kwa funguo zilezile. Mwambieni atalipwa cha mauzo, kwa kiwango mlichoelewana tangu mwanzo, siku uhamisho utakaposajiliwa. Akitaka kitu sasa, mpeni kidogo cha nauli na kiandikwe kwamba kitakatwa kwenye ujira wake. Atalalamika siku mbili, kisha ndiye atakayewasaidia kumfuatilia mzee Iringa, kwa sababu na yeye atakuwa anasubiri hati itoke.